Wagonjwa Walionibipu Asubuhi

Mlipokuja kuniomba nikuelezeni kazi yangu, mmoja wenu alisema, "Bibi, tusimulie mafanikio." Sikumjibu siku ile, nilimkaribisha chai tu. Leo namjibu. Mafanikio yalikuwepo, mwanangu, lakini hayakukaa. Nyinyi mnaotaka kutengeneza programu za kuwasaidia wagonjwa, kaeni mnisikilize. Kama mnatafuta maneno ya kukutieni moyo, nnasikitika, kwangu mtatoka mikono mitupu.

Mimi nilianza kama mpiga taipu, katikati ya miaka ya thamanini, katika ofisi moja ya Mji Mkongwe. Taipu zetu zilikuwa zikikwama kila mara kwa chumvi ya hewa ya baharini, na fundi aliyekuwa akija kuzitengeneza, Mzee Jivan, alikuwa na tabia moja. Kabla hajafungua mashine huuliza, "Nani anaikalia hii?" Akishaambiwa, huenda akasimama pembeni akamtazama huyo mtu anavyopiga. Siku moja aliulizia yangu, akanikuta natafuna biskuti juu ya herufi. Aliipindua taipu, akaitikisa, chenga zikamwagika mezani mbele ya mkubwa wangu. "Hii haiumwi," akasema. "Imeshiba."

Niliona haya, lakini somo nililipata. Kompyuta zilipoingia miaka ya tisini, wenzangu wakaziogopa, mimi nikaona ni taipu yenye kioo. Nilijifunza kuandika programu kwa kitabu kimoja kinene kilichokuwa hakina tena jalada, na kwa kukosea. Nikawa naandika vitu vidogo: programu ya mishahara, programu ya kutunza majina ya wanafunzi wa skuli. Ndivyo Daktari Suleiman alivyopata habari zangu.

Huyu alikuwa daktari wa kifua, ana kliniki ndogo nyuma ya soko la Darajani, vyumba viwili na baraza. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Alikuwa na wagonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mtu analala, koo linajifunga, pumzi inasita, mwili unashtuka, anavuta hewa kwa kishindo, kisha anaendelea kulala bila ya kujua. Inakuwa hivyo hivyo mpaka alfajiri. Anaamka amechoka kuliko alivyolala, na mchana anasinzia popote, hata mkono ukiwa na tonge.

Dawa yake ni mashine. Kisanduku chenye feni ndani, mpira mrefu, na maski ya kuvaa puani. Kinasukuma hewa ili koo lisijifunge. Lakini kisanduku hiki hakiponyeshi. Kinakufaa pale unapokivaa tu. Ukikivua, umerudi ulikotoka. Rafiki wa daktari aliyeko Ulaya alikuwa akimletea vilivyokwishatumika, na daktari akiwaazima wagonjwa wake. Tabu ni kuwa wengi walivaa wiki ya kwanza, kisha wakakitia chini ya kitanda.

"Nataka kompyuta iwakumbushe," aliniambia. "Kila mtu siku hizi ana simu."

"Hilo jepesi," nikasema.

Alinitazama juu ya miwani. "Bi. Zuhura, usinambie mashine itafanya nini. Nambie huyu mtu analala wapi, analala na nani, na akiamka anakwenda wapi. Halafu ndiyo unambie hilo jepesi."

Sikulichukua neno lile kama ilivyopasa. Niliunganisha simu na kompyuta kwa waya, nikaandika programu, ikawa kila jioni inapeleka meseji: "Mgonjwa, unakumbushwa kutumia kifaa chako." Kiswahili safi, nukta mahali pake. Nilijiona mtu.

Wiki ile ile akaja Bwana Haroub kliniki amefura. Haroub alikuwa dereva wa lori, Mwarabu wa mjini, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Babu yake alikuwa na mashamba ya karafuu. Yeye alirithi jina na mabega tu. Alikuwa akisinzia kwenye usukani, na mara moja aliwahi kuamka akajikuta gari limesimama ndani ya kibanda cha mtu, ndani ya kibanda hamna mtu kwa bahati tu. Alishika simu yake mbele ya uso wangu.

"Nani aliyeniita mgonjwa?"

"Ni kompyuta, Bwana Haroub."

"Kompyuta inanijua? Nimeacha simu kwenye gari, wenzangu wote stendi ya malori wameisoma. Sasa nikipita wananambia, 'Mgonjwa, umetumia kifaa?' Kifaa gani, wanajua wao? Kila mmoja anakisia lake!"

Daktari Suleiman alitoka chumbani, akasikia, akacheka mpaka akashika ukuta. Haroub naye akaanza kucheka, na mimi nikacheka mwisho kuliko wote. Hapo ndipo nikafuta neno mgonjwa. Sikilizeni hili, maana nyinyi mna haraka: meseji yenu haisomwi na mwenye simu peke yake. Inasomwa na mke, na mtoto, na wenzake kazini. Iandikeni kama kitu kitakachosomwa kwa sauti barabarani.

Baadaye niliacha kupeleka meseji kabisa, nikageuza njia. Nyinyi hamkuwahi kuhesabu senti za simu kama sisi. Sisi tulikuwa tukibipu: unapiga, inalia mara moja, unakata. Hailipiwi. Vijana walibipu wachumba, watoto walibipu wazee wao. Nikasema, basi na wagonjwa wanibipu. Ukivaa maski ukalala nayo, ukiamka nibipu. Kompyuta inaiona namba na kuandika kuwa fulani amevaa. Asiyebipu, mimi ndiye nnayempigia.

Daktari alilipenda hilo. Na watu walilipenda. Asubuhi nikifika, kabla sijavua buibui, ile simu juu ya meza inalia moja, inakata. Inalia moja, inakata. Nilikuwa nikiwajua kwa saa zao. Maalim mmoja wa Kikwajuni alibipu mara tu baada ya Sala ya Alfajiri. Bibi mmoja mkulima wa mwani, wa Jambiani, alibipu anapotoka kwenda pwani, maji yakipwa mapema naye anabipu mapema.

Bwana Haroub alikuja mwenyewe asubuhi baada ya kulala na maski usiku kucha kwa mara ya kwanza. Alikaa kwenye benchi la baraza. Nikamuuliza kama amepata tabu.

"Nimeota," akasema.

"Umeota nini?"

"Ndoto. Mambo ya ovyo, nnavuka daraja na mbuzi. Bi. Zuhura, sijaota tokea nilipokuwa kijana. Nilidhani ndoto zinaisha mtu akishakuwa mtu mzima." Akafuta macho kwa kofia yake, hakujificha.

Kama ningekufa wiki ile, ningekufa mwenye furaha. Nakwambieni kweli.

Sasa mashine zile zilikuwa na kadi ndogo ndani, inayohifadhi saa ambazo feni imezunguka, jambo ambalo wagonjwa wengi hawakulijua. Mgonjwa akija kliniki huja nayo, tunaisoma kwenye kompyuta. Bwana Haroub alipoiacha kadi yake mezani baada ya miezi kadhaa, akenda kazini, niliisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Mwanzo saa zimejaa, kisha tupu. Wiki nyingi, hakuna kitu. Na asubuhi zote zile nilikuwa nimepata bipu yake, hata moja haikukosekana.

Nilikwenda kwao Kikwajuni kwa miguu, mchana, Haroub yuko kazini. Alinifungulia mkewe, Bi. Shemsa, Mtumbatu wa Mkokotoni, mwanamke mwembamba, mchangamfu. Alipoiona ile kadi mkononi mwangu, uchangamfu ukamtoka. Alinitandikia mkeka, akaleta juisi ya ukwaju, akakaa.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye nnayebipu."

"Kwa nini, Bi. Shemsa?"

"Mashine imeharibika. Inatoa upepo wa moto, tena kidogo, anasema kama kupumuliwa na mtu. Kaivua. Nikamwambia airegeshe kliniki, hataki, anasema mtamwambia hakuitunza, mtampa mwengine. Nami nikaogopa mkijua haivaliwi mtakuja kuichukua. Basi kila asubuhi yeye akiwa msalani, nnachukua simu yake." Akaniangalia. "Mimi nilikuwa nimelala kwa raha miezi ile aliyokuwa akiivaa, Bi. Zuhura. Nimekuwa nnamsikiliza mume wangu anakufa na kufufuka tokea harusi yetu. Nilikuwa nataka raha ile iregee, ndiyo maana sikutaka mashine iondoke."

Nilimwomba aniletee mashine. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikatoa kile kipande cha sponji kinachochuja hewa. Kilikuwa cheusi, kinanuka vizuri mno.

"Udi," nikasema.

Bi. Shemsa akajishika mdomo. Binti yao alikuwa ameolewa, nyumba imefukizwa udi siku zote za harusi, na chetezo kiliwekwa chumbani, juu ya meza ile ile yenye mashine, ili kanzu na mashuka yanukie. Feni imevuta moshi wote. Mashine ilikuwa haijaharibika. Ilikuwa imehudhuria harusi.

Nilikifua kile kipande kwa sabuni ya mtoto, tukakianika dirishani, tukaongea mpaka kikakauka. Nilimfundisha yote niliyoyajua, na nyinyi yashikeni pia: maski ioshwe kila siku, maana mafuta ya uso huilegeza na hewa ikavuja machoni. Mafuta ya nazi ya nywele yasiguse mikanda. Sisimizi wanapenda joto la mashine, basi iwekwe mbali na ukuta. Na pasikose kikinga umeme, kwa sababu umeme wetu ulikuwa ukishuka na kupanda bila ya kubisha hodi.

Nilirudi nikabadilisha programu tena. Nilikuwa nimewapa watu njia ya kusema ndiyo, sikuwapa njia ya kusema hapana bila ya kuaibika. Nikawaambia wote: bipu moja, nimevaa. Bipu mbili, nna shida. Mwenye bipu mbili simuulizi kwa nini hakuvaa, nauliza shida gani. Ikawa kazi ya kweli sasa. Bipu mbili, mpira umetoboka. Bipu mbili, pua imekauka. Maalim wa Kikwajuni alibipu mbili, kumbe wageni wamelala chumbani kwake naye anaona haya kuvaa maski mbele ya shemeji zake. Walikuwa wachache, lakini takriban wote walikuwa wakivaa. Daktari Suleiman alianza kusema tuandike barua tuombe mashine zaidi.

Kisha umeme ukakatika.

Hamkumbuki nyinyi, au mlikuwa wadogo mnaona raha kucheza gizani. Hitilafu katika njia ya kuletea umeme kutoka bara, kisiwa kizima hakina kitu. Siku za mwanzo tukasema kesho. Baada ya hapo hapana aliyesema kesho tena. Maji hayapandi, samaki wanaoza Darajani, mji unanuka, na jenereta zinalia kwa kila mwenye uwezo.

Kompyuta yangu ilikuwa imekufa. Nilitoa laini kwenye ile simu nikaitia kwenye simu yangu ya mkononi, nikawa naichaji kwenye duka la jirani mwenye jenereta. Asubuhi ya kwanza ilipolia, ililia mara mbili. Halafu mwengine, mbili. Mwengine, mbili. Wote. Nikawapigia mmoja mmoja kama nilivyowaahidi.

"Nna shida, Bi. Zuhura."

"Naijua."

"Umeme."

"Naijua, bibi yangu. Vumilia."

Vumilia! Programu nzima niliyoitengeneza, akili zote zile, zikaishia kwenye neno moja ambalo hata asiyejua kusoma angeweza kulisema.

Tulihangaika. Daktari alinunua betri ya gari na chombo cha kugeuzia umeme, tukawa tunaipeleka kwa gari la mkono, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ikiisha moto haina pa kuchajiwa ila kwenye foleni. Bwana Haroub alifikiri la kwake: akifika nyumbani jioni anafungua betri ya lori, anaiingiza ndani, anavaa. Mara mbili tatu akalala vizuri. Kisha lori likakataa kuwaka asubuhi, tajiri mwenye lori akajua, akamwambia akirudia tena atafute kazi nyengine.

Na kazi ilikuwa imezidi. Madereva walitafutwa kama maji. Mapipa ya dizeli, jenereta kutoka bandarini kwenda hoteli za pwani, kila mtu anataka mzigo wake leo. Haroub akawa anaendesha kutwa, na macho yake yakarudi yalivyokuwa, mekundu, kope nzito.

Daktari Suleiman alimwita kliniki mbele yangu. "Haroub, usiendeshe. Nakwambia kama ndugu yako. Kaa nyumbani mpaka umeme urudi."

"Utarudi lini?"

Daktari akainua macho kwenye taa iliyozimika.

"Mimi si mbishi, daktari," Haroub akasema kwa ile sauti yake ya upole. "Nyumbani nitakaa. Lakini nambie nnakaa na nini. Mke wangu atatia nini chunguni?" Alingoja jibu kwa adabu, kama mtu anayengoja chenji. Halafu akaaga, akenda zake.

Aliendelea kubipu. Mbili, mbili, mbili. Kisha asubuhi moja ililia mara moja tu, ikakata. Nilifurahi, nikampigia mbio. Nikadhani amepata jenereta.

"Bwana Haroub! Umevaa?"

"Sikuvaa."

"Mbona umenibipu moja?"

Nilisikia injini ya lori. "Nimechoka kukwambia nna shida, Bi. Zuhura. Na wewe huna la kunambia. Nikaona bora nikupumzishe."

Nilimwambia awe mwangalifu, akasema inshaallah. Maneno yetu ya mwisho ni hayo.

Siku ile alikuwa anapeleka jenereta hoteli moja upande wa Jambiani. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua kali, barabara tupu, imenyooka. Waliomwona walisema lori lilitoka barabarani polepole, kama mtu anayetaka kuegesha, halafu likagonga minazi. Hapakuwa na alama ya breki. Hakuumia mtu mwengine. Jenereta ilikuwa imefungwa vizuri kwa kamba, haikupata hata mkwaruzo. Likaja gari jengine likaipakia, na hoteli ikawaka taa jioni ile ile, Haroub akiwa bado hajazikwa.

Umeme ulirudi. Watu walipiga vigelegele mitaani, watoto wakawa wanawasha na kuzima taa. Mimi niliwasha kompyuta, nikaunganisha simu, nikakaa. Ilikuwa kimya. Mashine mbili ziliungua kwa umeme uliorudi kwa nguvu. Wengine walikuwa wameshazoea kulala bila ya kuvaa, kuanza tena kuliwashinda. Niliwapigia. Maalim alinambia, "Nitavaa, nitavaa," kwa sauti ya mtu anayemwondosha mwombaji mlangoni. Yule bibi wa Jambiani simu yake haikupatikana tena. Nilikuwa na kadi za wote, nikizisoma, na kompyuta ikinichorea mstari wa kila mmoja: unapanda, unasimama vizuri, kisha unaanguka na hauinuki. Mistari yote inafanana. Usingejua ni ya watu tofauti.

Daktari Suleiman hakuandika ile barua. Akawa anakaa chumbani mlango umefungwa hata kama hamna mgonjwa. Mwaka uliofuata alipata kazi nje, akaniaga kwa kunishika mikono miwili, akasema, "Ulifanya kazi nzuri," nami nikamwambia, "Na wewe," na sote wawili tukaangalia chini. Kliniki ikawa duka la vitambaa. Mimi nikaenda kufundisha kompyuta mpaka nilipostaafu.

Sasa mnakuja kwangu na simu zenu za kioo, mnanionyesha michoro ya nyota na makofi, eti mgonjwa akivaa maski simu inampigia makofi. Vizuri. Sisemi msifanye. Lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, sikumbuki mgonjwa hata mmoja aliyeacha kuvaa kwa sababu alisahau. Waliacha kwa moshi, kwa haya, kwa wageni, kwa umeme, kwa njaa. Mimi nilitengeneza chombo cha kuwakumbusha watu jambo walilokuwa wakilitaka kuliko mimi. Mkiniuliza ningefanya nini badala yake, sijui. Nimefikiri miaka mingi, sijui. Betri zaidi, labda. Na betri si programu.

Bi. Shemsa alipotoka eda nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda zaidi. Ile mashine ameifunga kwa kitambaa safi, ameiweka tayari mlangoni ili niichukue, nami sikuwa nimeijia. Tulikaa, tukazungumza habari za binti yake, ana mimba. Nilimuuliza anaendeleaje.

"Mzima," akasema.

"Unalala?"

Aligeuza uso ukutani.

"Nnalala," akasema. "Tokea alipokufa nnalala usiku kucha, sishtuki hata mara moja. Asubuhi nikiamka najiona nimepumzika, mwili mwepesi." Akaanza kulia. "Usimwambie mtu, Bi. Zuhura."